Mwalimu Ngeli Apewa Kiingereza

Asiyekuwapo na lake halipo, na siku walimu walipogawana masomo ya muhula mpya, Mwalimu Ngeli hakuwapo. Alikuwa nyuma ya tangi la maji, simu sikioni, akimsikiliza mkewe akieleza jinsi mkanda wa cherehani ulivyokatika katikati ya kushona sare za watu. Mkewe ni fundi, na fundi akianza kueleza chombo kilivyoharibika hakatizwi. Ngeli aliporudi chumba cha walimu alikuta wenzake wote wameinamia vikombe vya chai. Hiyo si dalili nzuri. Walimu wakikwepa kumtazama mtu usoni, ujue wamekwisha kumgawa.

"Hongera," akasema mwalimu wa kilimo.

"Ya nini?"

"Umepewa Kiingereza."

Ngeli akacheka, akageuka huku na huku kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Akakaa chini, akaomba aelezwe upya, akaelezwa, na bado hakuelewa.

Tuseme ukweli, hata wewe usingeelewa. Mtu huyu alikuwa amefundisha Kiswahili katika chuo kile cha ualimu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jina la Ngeli alipewa na wanafunzi, kwa kuwa angeweza kuzungumzia ngeli za nomino tangu kengele ya asubuhi hadi ya chakula bila kunywa maji, na jina likamganda hata Mkuu wa chuo akalisahau lile la kwenye cheti. Kiingereza alikijua kama mtu anavyomjua jirani wa mtaa wa pili: wanasalimiana, wanaulizana hali, kila mmoja anashika njia yake. Cha benki na cha hospitali kilimtosha.

Mwenye somo, mwalimu wa Kiingereza, alikuwa amechukua likizo ndefu kumuuguza mama yake. Na somo lenyewe halikuwa lile la kuandika barua na kutamka maneno. Hilo lilikuwa na mtu wake, aliyekwisha kuelemewa na vipindi. Hili lilihusu Kiingereza chenyewe: kilitoka wapi, kilipitia kwa nani, kwa nini hakisemwi namna moja kila mahali, na nani mwenye haki ya kusema hiki ni sawa na hiki si sawa.

"Lugha ni lugha," Mkuu alimwambia alipomfuata ofisini. Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba, na alipenda mambo yaishe kabla hayajaanza. "Wewe ni mtu wa lugha. Fundi anayejua kushona suruali atashindwaje na gauni?"

"Mkuu, mimi hata hiyo suruali..."

"Ngeli, nakuamini."

Mkewe aliposimuliwa alicheka hadi akashika ubavu. "Mwambie Mkuu wako nimewaona mafundi wengi wa suruali wakiharibu magauni ya watu," alisema. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu wote wawili walikumbuka jambo lile lile, na wote wawili wakautazama mlango wa chumba cha binti yao.

Kitinda, kitindamimba wao, alikuwa mwanafunzi wa chuo kile kile. Mwaka uliopita alikuwa ameanguka somo moja tu, na somo lenyewe ndilo hilo. Sheria ya chuo ilikuwa fupi: ukianguka somo lile lile mara ya pili, unafunga mizigo, ualimu umekupita, kwaheri. Wenzake wa darasa la sasa walikuwa wapya, wakianguka wangepewa mwaka mwingine. Yeye hakuwa na mwaka mwingine. Sasa nafasi yake ya mwisho ilikuwa imeangukia mikononi mwa baba yake, mtu asiyejua hata pa kuanzia.

Ngeli alizunguka na wazo hilo kama mtu aliyefungiwa chumba kisicho na mlango. Akifundisha ovyo, atakuwa amemzika mtoto wake kwa mikono yake. Akikataa kufundisha, hakuna mwingine wa kufundisha, na mtoto atazikwa vilevile. Mwisho akapiga moyo konde, kwa kuwa lisilobudi hutendwa.

Kipindi cha kwanza alikwenda na kitabu kinene kwapani na shati lililopigwa pasi mara mbili. Darasa lilikuwa la mwisho kwenye ujia mrefu, ubao wake umepasuka pembeni, madirisha yake yana vioo pungufu. Akasalimia kwa Kiingereza, wakaitikia kwa Kiingereza, na mazuri yote yakawa yameishia hapo. Akafungua kitabu akaanza kusoma, nao wakaanza kuandika. Wanafunzi wa chuo kile walikuwa na desturi yao: mwalimu akifungua mdomo, kalamu zinateremka, na hazipandi mpaka afunge. Alipopiga chafya wakasubiri. Alipopoteza ukurasa akaomba radhi kwa Kiingereza, wakaandika kwamba amepoteza ukurasa.

Baada ya kusoma hadi koo kukauka, akanyamaza. "Haya," akasema kwa kile Kiingereza chake cha benki, "nani ataeleza tumejifunza nini?"

Mstari wa mbele aliketi mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa na duka kabla hajaamua kusomea ualimu. Darasa lilimchagua kuwa kiranja kwa sababu ya sauti yake, sauti ya mtu aliyezoea kuita wateja. Akainua mkono.

"Mwalimu, tumeandika," akasema kwa Kiswahili. "Kuelewa bado."

"Hata mimi," akasema Ngeli.

Ilimtoka tu, kwa Kiswahili, bila kupangwa. Darasa likaangua kicheko, na katika kicheko kile Ngeli akahisi, kwa mara ya kwanza tangu siku ya vikombe, kwamba yuko mahali pake. Akafunga kitabu. Akapanda akaketi juu ya meza, jambo lililokatazwa hata kwa walimu, akauliza, "Hebu tuambiane kweli. Hiki Kiingereza ni mtoto wa nani?"

Tangu hapo hakurudi nyuma. Nyumbani alipambana na kitabu sentensi kwa sentensi, kamusi karibu na kiwiko, mpaka kijasho kikamtoka. Darasani alimimina kwa Kiswahili kile alichokamua. Aliwaambia Kiingereza ni boma lililojengwa na watu waliovuka maji, ndugu wa lugha zinazokaribiana wasiosikilizana vizuri. Kisha wakaja watawala wenye lugha nyingine, wakakaa mezani, wenyeji wakabaki zizini. Ndiyo maana hadi leo mnyama akiwa hai ana jina la mchungaji, cow, na akishapikwa ana jina la mlaji, beef. Aliwaambia lugha hiyo imeoa na kuolewa kila mahali, na kila mkwe aliyekuja alikuja na vyombo vyake, na vyombo havikurudishwa.

"Mkikutana na neno la ajabu," alisema, "msiulize limekosewa wapi. Ulizeni limekuja na mkwe gani."

"Sasa mwalimu, mwenye boma ni nani?" akauliza mmoja.

"Hapo ndipo ninapochanganyikiwa," Ngeli akajibu, naye alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Kitabu kinasema hakuna mwenyewe, kila anayekisema ni chake. Ukifungua ukurasa wa pili kinasema mtihani utasahihishwa. Kama boma halina mwenyewe, huyo anayesahihisha katumwa na nani?"

Walibishana hadi kengele ikalia, wakaendelea kubishana kwenye ujia. Mwalimu gani hataki kuona hivyo? Ila Mkuu, aliyeamini kwamba Kiingereza hufundishwa kwa Kiingereza tu, naye alikuwa na desturi ya kupita kwenye ujia ule, mikono nyuma. Kiranja akaanza kukaa karibu na dirisha. Akimwona Mkuu kwa mbali anakohoa, Ngeli anaruka kutoka mezani na kupaza sauti kwa sentensi moja ya Kiingereza aliyoikariri kwa kazi hiyo, na darasa zima linaitikia kwa Kiingereza kama kanisani. Mkuu anatikisa kichwa kwa kuridhika, anapita zake. Jambo hili lilimchekesha Ngeli na kumtia hofu kwa pamoja. Hakuweza kujua kama anaiba au anafanya kazi. Siku nyingine alitoka darasani amejaa furaha, na kabla hajafika chumba cha walimu furaha imegeuka aibu, na akishakunywa chai aibu nayo imetoweka, amebaki hana jina la kuita alichonacho moyoni.

Kilichomuumiza kupita yote ni Kitinda. Wenzake wakicheka, hacheki. Wakibishana, anaandika. Aliketi nyuma kabisa, akimwita "Mwalimu" kama wengine, na hakuwahi kuinua mkono. Nyumbani ndiyo kabisa: anakula upesi, anajifungia chumbani na kamusi, na baba yake akimgongea kumuuliza kama ameelewa, anajibu "Nimeelewa, Baba" bila kufungua mlango.

"Ananionea aibu," Ngeli alimwambia mkewe.

"Anasoma, mwache."

"Anasoma mengine. Yangu ameyatupa. Anasoma kwa Kiingereza, nasikia anavyojisemea."

"Sasa mtoto akisoma Kiingereza kwa Kiingereza imekuwa kosa?" mkewe akauliza, sindano midomoni. "Mimi nyie watu wa vitabu mtanitia wazimu."

Mtihani ulitungwa na bodi ya vyuo vyote, ukaletwa umefungwa kwa lakiri. Maswali yote ni kwa Kiingereza. Kwa kawaida mwenye somo haruhusiwi kukaribia chumba cha mtihani, kwa hiyo Ngeli alibaki chumba cha walimu akitafuna kucha, na msimamizi akawa yule mwalimu wa kilimo, ambaye usiku wa kuamkia mtihani hakulala kwa sababu ya ng'ombe wa chuo aliyekuwa akizaa. Kiranja aliposoma maswali akainua mkono. Akauliza, kwa adabu zote, wajibu kwa lugha gani, maana karatasi haikusema.

Mwalimu wa kilimo akafungua jicho moja. "Jibuni kama mlivyofundishwa," akasema, akalifunga.

Hebu waonee huruma. Mtu ameambiwa na msimamizi wa mtihani ajibu kama alivyofundishwa, na alivyofundishwa anajua mwenyewe. Kalamu zikateremka. Darasa zima likaandika kwa Kiswahili, kurasa kwa kurasa, boma na zizi na wakwe na vyombo vyao. Darasa zima, isipokuwa mmoja.

Matokeo ya masomo mengine yakatoka, ya hilo yakazuiwa. Chuo kikaingiwa na minong'ono. Ngeli akamuuliza kiranja wamejibu vipi, naye akamwambia kwa fahari kwamba ni kwa Kiswahili. Kisha asubuhi moja gari likaingia uani, akashuka mama mmoja mrefu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, mkoba uliojaa karatasi begani. Ndiye aliyetumwa na bodi. Ngeli akaitwa ofisini kwa Mkuu.

"Mwalimu, kaa," mama wa bodi alisema. Hakuwa na hasira, na hilo lilimtisha Ngeli zaidi. "Nimesahihisha somo hili miaka mingi, sijaona majibu kama haya. Nimecheka, nimejifunza, nikasoma tena. Ila sijui la kuyafanyia. Yameandikwa kwa Kiswahili."

"Walikosea," Mkuu akadakia.

"Labda. Bodi ina kanuni moja ya zamani: mtahiniwa ajibu kwa lugha aliyofundishiwa. Iliwekwa kwa ajili ya watu wa Kiswahili na Kifaransa, waliokuwa wakijibu kwa Kiingereza. Hakuna aliyefikiri kwamba siku moja itagonga mlango wa Kiingereza." Akavaa miwani. "Darasa moja, lugha moja, ndivyo inavyosema. Kwa hiyo nina swali moja tu. Somo hili ulilifundisha kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza, lingefundishwa kwa nini lingine?" Mkuu akasema. "Hiki ni chuo."

"Nimemuuliza mwalimu."

Ngeli akasogeza kiti. "Nikisema Kiingereza, inakuwaje?"

"Walioandika Kiswahili wanapata sifuri, watarudia mwaka ujao. Kuna mmoja aliyeandika kwa Kiingereza. Huyo karatasi yake ni nzuri, anapita."

"Na nikisema Kiswahili?"

"Wote wanapita, tena vizuri. Huyo mmoja karatasi yake haihesabiki." Mama wa bodi akamtazama juu ya miwani. "Najua ni mara yake ya pili. Najua pia ni binti yako, jina limeandikwa. Sipendi hata mimi. Naenda kula, nikirudi naomba neno lako."

Nje, Mkuu alimshika mkono wakasimama kando ya mashine ya kutoa nakala. "Ngeli, usiwe mtoto," akasema kwa ile sauti nyembamba. "Wale wengine watarudia tu, nani atakufa? Mwanao hana pa kurudia. Na chuo gani kinafundisha Kiingereza kwa Kiswahili? Tutachekwa hadi tuzeeke. Wewe mwenyewe utakuwa umekalia kuti kavu. Neno moja tu, mambo yanaisha."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Ndicho kilichomchanganya Ngeli. Angetamani Mkuu aseme uovu wa wazi ili aukatae kwa kishindo, lakini Mkuu alisema mambo ambayo hata yeye baba angeyasema. Mwaka mmoja wa wenzake Kitinda kwa maisha yake yote. Tena wanafunzi wale aliwaambia yeye mwenyewe, akiketi juu ya meza, kwamba boma halina mwenyewe. Wakiulizwa na wazazi wao kwa nini wameanguka, watasema walimwamini mwalimu.

Alikwenda nyumbani, nyuma ya uwanja wa mpira. Mkewe alikuwa amekwenda kununua nyuzi. Kitinda alikuwa anapiga pasi sebuleni. Ngeli alimsimulia yote akiwa amesimama mlangoni, kwa haraka, akiruka maneno, kisha akauliza kile kilichomkera tangu mwanzo.

"Wenzako wote wameandika kwa Kiswahili. Wewe kwa nini? Umenionea aibu kiasi hicho?"

Kitinda akaisimamisha pasi. "Aibu?" akasema. "Baba, karatasi hiyo ni maneno yako. Kila ulichofundisha nilikuwa nikija kukigeuza kwa Kiingereza. Wale wakwe wako na vyombo vyao nilihangaika nao wiki nzima mpaka wakakaa sawa."

"Sasa mbona..."

"Msimamizi aliposema vile, nikawaona wote wameinamia Kiswahili, nikajua bodi watasema mwalimu wao hajui Kiingereza. Watakufukuza. Nikasema angalau karatasi moja ionekane, waseme basi alifundisha, huyu hapa ameelewa." Akaishika tena pasi. "Niliona nakufunika, Baba."

Miezi yote ile Ngeli alidhani mtoto amemkimbia, kumbe alikuwa upande wa pili wa mlango akimbeba. Akatoka nje kabla machozi hayajamuumbua, akaanza kuzunguka uwanja.

Mzunguko wa kwanza alikuwa na uhakika. Atasema Kiingereza. Mtoto aliyemfunika baba, baba hawezi kumvua nguo mbele za watu, hata wanyama hawafanyi hivyo. Mzunguko wa pili alikuwa na uhakika vilevile, ila wa neno lile lingine, kwa kuwa alipita chini ya madirisha ya darasa akasikia kiranja akiwachekesha wenzake ndani, akiiga sauti yake. Alianza mzunguko wa tatu akagundua hajui amezunguka mara ngapi wala anaelekea wapi. Akajiambia, nitakwenda tu, nikifika mdomo utachagua wenyewe. Huo si uamuzi, na alijua si uamuzi, lakini miguu ilikuwa imekwisha kushika njia ya ofisi.

Kwenye ujia alikutana na Kitinda anatoka ofisini kwa Mkuu. Hakumtazama baba yake. Alipita ukutani, mikono mitupu, akashuka ngazi.

Ndani, mama wa bodi alikuwa anafunga mkoba wake, na Mkuu alikuwa amegeukia dirisha.

"Binti yako amenieleza," mama wa bodi alisema taratibu. "Mlisoma kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho, hata kukohoa ameniambia. Nimemuuliza kama anaelewa anachokisema kinamfanya nini, akasema anaelewa. Mtu akisema neno linalomkata mwenyewe, mwalimu, mimi sihitaji shahidi wa pili." Akangoja. "Una la kuongeza?"

Ngeli alifungua mdomo. Alikuwa amekuja na neno, hilo ana hakika nalo hadi leo. Lilikuwapo, limefika kwenye ulimi. Lakini alipolitafuta alitazame, hakuona ni lipi.

"Sina," akasema.

Habari haikukawia. Kabla gari la bodi halijatoka langoni, darasa lilikuwa limemwagika uani. Kiranja alimshika Ngeli mkono akautikisa hadi bega likauma, wengine wakampigia makofi, na mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu umesimama nasi, hata kwa mtoto wako hukupindisha!" Wote wakaitikia. Akajaribu kuwaambia si yeye. Alisema "Si mimi" mara kadhaa, wao wakaona ni unyenyekevu, wakampenda zaidi. Mkuu alipita katikati yao bila kusema neno, na Ngeli akajua kwamba Kiingereza amenyang'anywa, na pengine si Kiingereza peke yake. Ajabu ni kwamba jambo hilo halikumshtua. Alikuwa anatafuta kichwa kimoja tu katika vichwa vile, nacho hakikuwapo.

Alimkuta kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba, amekaa, viatu amevivua. Akakaa kando yake.

"Mbona hukuningoja?" Ngeli akauliza.

"Ningekungoja ningesikia."

"Ungesikia nini?"

"Ndicho nilichokikimbia." Kitinda alikuwa akilia bila kelele, maneno yanatoka yamenyooka. "Ungesema Kiswahili, ningeishi nikijua ni baba yangu aliyenitoa chuoni. Ungesema Kiingereza, ningekaa darasani nikijua umewaangusha wenzangu kwa ajili yangu, na wewe nisingekuita Baba kwa moyo mmoja tena. Nikaona bora nisijue."

Ngeli alitaka kumwambia kwamba angesema kweli. Alitaka pia, kwa nguvu ile ile, kumwambia kwamba asingemtoa kamwe. Yote mawili yalikuja kwa pamoja, na kila moja alipolishika alilikuta lina uzito sawa na lingine. Akamtazama mwanawe, uso umevimba kwa kilio, mwalimu ambaye hatakuwa mwalimu.

"Hata mimi sijui ningesema nini, mwanangu," akasema. "Nilifika mlangoni sijui."

Kitinda akafuta uso kwa kiganja. Alimtazama baba yake muda mrefu, kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekubali kupokea kilichopo.

"Basi tusijue wote," akasema. Sauti ya mama ilisikika mlango wa mbele, akiuliza kama kuna mtu nyumbani, Kitinda akainuka, akampa baba yake mkono wa kumsaidia kusimama, wakaingia ndani kumwambia.